Habari ya Kurukwa Miguu

Nella wangu,

Kama unaisoma hii, basi umefungua paketi ya pili ya pedi, na prefe, yule msimamizi wa internati, bweni lenu, hajaiona barua kabla yako. Nimechagua paketi ya pedi kwa makusudi. Sanduku lako watalipekua lote, hata biskuti watazitoa, lakini sijaona bado prefe mwenye ushujaa wa kutia mkono mule.

Habari za soksi, sabuni, na kutomwazima mtu ndoo yako, hizo nimekuambia kwa mdomo mpaka ukaanza kuzisema pamoja na mimi kama sala ya jioni. Sizirudii. Naandika ile habari moja ambayo wiki nzima nimejaribu kuisema ikakataa kutoka. Jumapili nilikuita chumbani nikuambie, nikaishia kukufundisha kukunja shuka. Juzi nilikufuata hadi kwenye kamba ya nguo, nikafungua mdomo, nikasema, "Nella... we unaona itanyesha?" Jua linawaka, hakuna hata wingu. Ukanitazama kama mtu anayetazama mgonjwa.

Sasa ni mchana. Umeenda Mutakura kwa Tanti Koleta akunyoe, maana huko shuleni Gitega unakokwenda hawataki kichwa chenye nywele. Nimekaa kwenye mashini yangu ya kushona, nimesukuma pembeni inifomu za watoto wa watu. Mwanzo huu wa mwaka wa shule umenimaliza mgongo, mtaa wetu mzima wa Cibitoke umekumbuka siku moja kwamba watoto wamerefuka. Zitasubiri. Leo nashona ya kwako.

Unakumbuka siku ile ya mboga za lengalenga? We ulikuwa unachambua majani, mi napepea makaa. Ukaniuliza bila kuinua kichwa:

"Mama, Belise anasema mutu akifanya mapenzi halafu akirukaruka palepale, hawezi kubeba mimba. Ni kweli?"

Pepeo ikaniponyoka. Nikasema, "Belise ni nani?"

"Tunasoma naye. Unamujua, yule wa kucheka sana."

"Anarukaruka yeye?"

"Apana, Mama! Amesikia kwa dada yake."

Na mimi, mama mzima, badala ya kukujibu, nikasema neno ambalo wamama wote wa ukoo wetu wanalisema wakibanwa: "Uliza Tanti."

Ulipotoka jikoni nilicheka peke yangu mpaka nikakaa chini. Ulidhani nakucheka we. Apana. Nilicheka kwa sababu mimi, katika umri wako, niliamini kinyume kabisa. Nyinyi mnaamini kuruka kunaondoa mimba. Mimi niliamini kuruka ndiko kunakoileta.

Ngoja nikuambie.

Unajua hapa nyumbani mtoto akiruka miguu ya mtu aliyekaa chini, tunampigia kelele, "Rudi!" Naye anarudi kuruka kule alikotoka, ili kuifuta, isije ikaleta balaa. Hata we umerudishwa mara nyingi, na ulikuwa ukirudi unanuna. Sasa mimi nilipoanza kupata damu ya mwezi, mama yangu hakusema kitu. Alinifunga kitenge, akanituma Mutakura kwa dada ya baba yangu, ndiye Tanti Koleta. Kwetu shangazi ndiye mwenye kazi hiyo. Wakati ule Tanti alikuwa bado hajafungua saluni, lakini ukali wake ulikuwa umeshafunguliwa zamani. Akanikalisha kwenye mkeka nyuma ya nyumba, akatazama huku na huku kama mtu anayeuza kitu cha wizi.

"Sikiliza. Sasa umekuwa mukubwa."

"Ndiyo, Tanti."

"Usikubali mwanaume akuruke miguu. Umesikia?"

"Nimesikia."

"Akikuruka, utabeba."

"Nitabeba nini, Tanti?"

"Utabeba!" Akasimama kwenda kuangalia maharagwe yake. Somo likaisha.

Nella, mtoto angefanyaje? Nilikuwa najua tangu mdogo kwamba kurukwa miguu ni jambo baya. Sasa nimeambiwa ubaya wake ni upi. Niliona kila kitu kimepangika vizuri! Shuleni wasichana wenzangu walikuwa wananyoosha miguu kwenye majani wakati wa mapumziko, mi peke yangu naikunja chini yangu kama fundi wa viatu, mpaka inakufa ganzi. Wakanipa jina: Bila Miguu.

Halafu siku moja ya mpira nikasinzia. Jua lilikuwa zuri, miguu ikajinyoosha yenyewe. Nikashtuka mvulana anafuata mpira, anapita juu yangu, hop! Nikapiga kelele mpaka uwanja mzima ukageuka.

"Rudi! Rudi uruke tena!"

Akasimama. "We, uko sawa?"

"Rudi, nakwambia!"

Akarudi akaruka. Wenzake wakacheka. Kuona wanacheka, naye akaona mchezo, akaruka tena, akarudi, akaruka, mpaka nikapoteza hesabu. Sikujua tena kama nimerukwa au nimefutiwa. Nilienda nyumbani nalia. Nikaanza kulala na mkono tumboni, nasikiliza. Kila nilipokula viazi vitamu tumbo likanguruma, nikasema, huyu anaongea. Damu ilipokuja, nilipiga magoti nikamshukuru Mungu kwamba yule mvulana aliishia upande mzuri.

Mvulana mwenyewe alikuwa anaitwa Désiré. Ndiyo. Acha kupiga kelele bwenini. Ni baba yako.

Nilimpenda kwa sababu hiyo hiyo, kwamba alipoambiwa rudi, alirudi. Baadaye nilipokuwa na umri kidogo kuzidi wako wa sasa, tukawa tunatembea pamoja kutoka shule, tukipita Carama kwenye mashamba ya mchicha, njia ndefu kuliko inayohitajika. Nafikiri mengine unayaelewa. Sitaki uone haya, nami sitaki kuona haya, basi tupite hapo haraka. Ninachotaka ujue ni hiki: siku ile sikuogopa hata kidogo. Hakuna aliyeruka kitu. Miguu yangu ilikuwa salama. Na baba yako naye hakuogopa, kwa sababu wavulana wakubwa walimwambia mara ya kwanza haihesabiwi, na msichana akinywa maji baridi mengi kila kitu kinaondoka. Aliniletea maji! Chupa nzima. Nikaona ni mvulana mwenye huruma. Kila mmoja alikuwa na ujinga wake, ameushika vizuri mkononi, na ujinga wa mmoja haukuujua wa mwenzake.

Damu ilipokosa kuja sikushtuka. Alishtuka mama yangu. Nikapelekwa tena Mutakura, kwenye mkeka uleule.

"Si nilikuambia?" Tanti akanipigia kelele. "Si nilikuambia usikubali kurukwa miguu?"

"Tanti, naapa, hakuniruka mutu!"

"Unanidanganya na tumbo liko hapa?"

"Aliniruka zamani tu, kwenye mpira. Na alirudi!"

Nella, Tanti akanitazama, akamtazama mama yangu, akanitazama tena. Nikaona neno linamwingia polepole. Akaweka mkono mdomoni. Nilifikiri analia, na kweli alikuwa analia, lakini mabega yalikuwa yanacheka. Akanivuta, akaniweka kichwa kifuani kwake, akasema, "Mutoto wangu, mutoto wangu, mi nilikuambia nini?" Ndiyo mara ya kwanza mtu mzima kuniuliza swali zuri.

Kilichofuata hakikuwa cha kuchekesha, nami sitakipaka sukari. Baba yako aliendelea na darasa, mimi niliendelea na tumbo. Tulikuwa dawati moja. Yeye alibaki, mi nikaondoka. Siku ya mwisho nilijaribu kukaa, nikaona tumbo limeingia kati yangu na dawati, kalamu haifiki vizuri kwenye daftari. Siku hizi msichana anaweza kurudi shule akishazaa, na ni vizuri, na wapo waliorudi wakamaliza. Wakati wangu baba yangu alisema yaliyoanza kwa aibu hayaendi shule. Nikajifunza mashini. Baba yako alipomaliza masomo akaja na wajomba zake na kreti za vinywaji, tukafunga ndoa, we ukiwa umebebwa na Tanti unakula ua la keki. Mambo yalinyooka. Lakini yangeweza kupinda, na kwa wasichana wengi niliowajua yalipinda.

Usije ukasoma hapa kwamba najuta kukuzaa wewe. Ukisoma hivyo nitakuja Gitega kwa basi la kwanza nikuchape. Najuta kutojua, basi. Hivyo ni vitu viwili, na mimi navishika mikono miwili.

Baada ya kuzaliwa kwako, mwuguzi wa kituo cha afya alinipangia vitu mezani kama anayeuza nyanya. Vidonge vya kumeza kila siku. Sindano. Kijiti kidogo kinachowekwa chini ya ngozi ya mkono. Kondomu, ambazo sisi tunaita kapoti, na usiangalie kwenye gari za gereji ya jirani, siyo ile kapoti ya kufunika injini. Akaeleza yote kwa sauti ya kawaida, huku anakula karanga. Nikamuuliza, "Kwa nini hamkuniambia mapema?"

"Ungekuja kuuliza, tungekuambia."

"Ningekuja kuuliza nini, na mi sikujua kama kuna swali?"

Akaacha kutafuna. Akanisogezea karanga zake. Basi nakujibu wewe, ili uwe na maswali kabla ya kuhitaji majibu.

Belise umwambie hapana. Mwanamke akirukaruka atachoka tu. Kufanya wima hakuzuii. Kujiosha hakuzuii, iwe kwa sabuni, chumvi au soda. Maji baridi, muulize baba yako. Mara ya kwanza inahesabiwa kama nyingine zote. Kuhesabu siku ni mtego kwa wasichana wa umri wenu, maana damu yenu bado haijajua kalenda, leo inawahi, kesho inachelewa. Mwalimu wenu wa biolojia alichora ua, na poleni lake, ule unga wa uzazi, nawe ukalichora vizuri akakupa pointi nyingi. Nimeliona, lilikuwa zuri kweli. Lakini hakuna mvulana atakayekuja kwako siku ya sherehe ya shule akiwa na poleni.

Kapoti inazuia mimba na inazuia magonjwa, ukimwi na yale mengine yanayojificha bila kuuma. Vidonge, sindano na kijiti vinazuia mimba peke yake. Kwa magonjwa havifanyi kitu, hata msichana mwenye sindano anahitaji kapoti. Kapoti ina tarehe, isomwe. Ile iliyokaa mwezi mzima kwenye mfuko wa nyuma wa suruali imeshaiva kama chapati, itupwe. Haioshwi ikatumiwa tena, usicheke, nimesikia. Na mvulana anayesema "ukinipenda hutaniomba kapoti," huyo mwambie, "Mama yangu ni fundi, hata shati hashoni bila kupima."

Vituo vya afya vina siku na chumba cha vijana. Hawakuombi cheti cha ndoa. Ukimkuta mwuguzi anayekukunjia uso na kukuuliza dini yako, msalimie kwa heshima, toka, nenda kwa mwingine. Sura yake mbaya siyo ugonjwa wako.

Na ikitokea jambo lolote bila kinga, iwe kapoti imepasuka, iwe umelazimishwa, usikae bwenini kusali na kungoja kama nilivyongoja mimi na viazi vyangu. Kuna kidonge cha dharura, kinafanya kazi siku za mwanzo tu, na mapema ndiyo bora, siku hiyohiyo ukiweza. Kuna dawa ya kuzuia virusi vya ukimwi, nayo ni ya kuwahi. Nenda. Nipigie ukiwa njiani, siyo kabla ya kuamua kwenda.

Nimeandika "umelazimishwa" nikalifuta, nikaliandika tena, maana lazima niliandike. Miguu ni yako. Mwenye miguu ndiye anayesema ndiyo, na ndiye anayesema hapana, na akishasema ndiyo anaweza kugeuka akasema hapana, na mtu mwenye akili atarudi alikotoka kama baba yako kwenye mpira. Asiyerudi siyo kosa lako, hata kama ulikuwa umesinzia, hata kama ulikuwa umenyoosha miguu juani. Na mwalimu akikuambia pointi zako ziko nyumbani kwake, mwambie zangu ziko kwenye karatasi. Halafu unipigie. Nitafunga mashini nije na Tanti. Huyo mwalimu atatamani angekutana na polisi.

Mimi ningependa nini? Ningependa ungoje. Nasema bila kuzunguka. Ningependa umalize shule kwanza, uwe injinia wa maji kama unavyosema, uje ututengenezee bomba hili linalokohoa. Habari ya dhambi padri ataieleza, anaijua kunishinda. Mimi najua habari ya dawati. Ngoja, mama yangu. Lakini sikuambii ngoja halafu nikafunga taa. Ukijua, utangoja kwa macho wazi, na siku ukiamua, utaamua kwa macho wazi pia.

Baba yako yuko nje anapaka dawa viatu vyako mara ya tatu. Nimemwambia, "Njoo uandike mustari mumoja."

"Niandike nini?"

"Unachotaka mutoto wako ajue."

Akafikiri, akapaka kiatu, akafikiri. Halafu akasema, "Mwambie kwamba sisi wavulana hatukujua kitu. Tulikuwa tunajifanya."

"Ndiyo yote?"

"Na mwambie asinywe maji baridi."

Nimemfukuza. Lakini ule wa kwanza uuweke, Nella. Atakapokuja mvulana mwenye sauti ya kujua kila kitu, ukumbuke kwamba aliyekuambia hivyo ni mwanaume, na alikuwa ameshika brashi ya viatu.

Nilikuwa nimefika hapa uliposukuma geti. Nimefunika barua kwa kaptula ya mtoto wa mtu. Kichwa chako kinang'aa kama chungu kipya, na masikio nimeyaona leo kwa mara ya kwanza tangu ulipokuwa mchanga. Mazuri. Ya kwangu.

"Mama! Tanti amezima mashini ya kunyolea katikati, upande mumoja uko na nywele, mwingine hauna, ndiyo akaanza kuongea!"

Nikasema moyoni, huyo Tanti amemwambia. Mkeka uleule. "Amesema nini?"

"Nilimuuliza ya Belise. Akasema yeye ameacha kazi hiyo tangu zamani. Nikuulize we habari ya miguu. Halafu akacheka mpaka akashika ukuta. Miguu gani, Mama?"

"Nenda ukaoge hizo nywele zitoke shingoni."

"Mama, miguu gani?"

"Utajua ukifika."

Ukaenda unanung'unika. Na mimi nikabaki nimeshika kaptula, nafurahi kama mjinga. Tanti ameacha. Hakumwambia mtu mwingine tena baada yangu, na hakuniambia kwamba ameacha. Angekuambia leo, barua hii ingefika Gitega imechelewa, ingekukuta unaikunja miguu chini yako.

Sasa limebaki jambo moja, na unaposoma hapa we umeshalifanya bila kujua. Tanti alichukua neno la nyumbani kwetu akalifanya neno la siri, likanipotezea dawati. Nimeamua kulirudisha nyumbani.

Kesho asubuhi, baba yako akishatoa sanduku nje, utanikuta nimekaa mlangoni nimenyoosha miguu, toka ukingo huu hadi ule. Utasema, "Mama, nipishe, basi litaniacha." Sitakupisha. Utaniruka. Halafu, kwa sababu nimekulea vizuri, utageuka urudi kuruka ili kuifuta, nami nitakusukuma na kukuambia nenda, nenda, unachelewa. Utapanda basi unajiuliza mama amepatwa na nini.

Mama hajapatwa na kitu. Umeniruka na hujarudi, ndivyo ilivyo sasa, na kwetu kitu hicho hakiachwi hivyo. Noeli lazima uje ukirudishe. Uje na pointi nzuri au mbaya. Uje na habari ya kunichekesha au ya kuniliza, uje peke yako au na tumbo, utapita mlango uleule. Siyo kwamba nakupa ruhusa, maana ruhusa sijatoa, nimesema ngoja na nimemaanisha ngoja. Nakuambia tu mahali miguu ilipo.

Haya, muite Belise umsomee ile ya kurukaruka. Mwanzo usimsomee, baba yako ataona haya.

Mi mama yako,
ninayekaa mlangoni.